Tufe jipya la bolingi: poliesta, yurethani, rezini tupu au rezini ya lulu?

Rafu ya matufe mapya hucheza na macho. Lenye michirizi ya dhahabu na buluu, linalong'aa kama kioo, ndilo linaloshikwa kwanza, na jeusi lililofifia kama mkaa huachwa pale pale. Kumbe mng'ao na ufifiaji vina maana: vinakuonyesha tufe litaanza kushika njia wapi. Rangi ndiyo haina la kusema. Anayechagua bila kutenganisha mambo hayo mawili huishia na tufe zuri lisilofaa mkono wake, au hulikataa tufe linalomfaa kwa sababu halipendezi kwenye picha.

Hapa tunalinganisha aina nne za ganda, yaani tabaka la nje la tufe, na mseto wake. Maelezo ni ya mrushaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze tu namba za pini na za mbao, vile vipande vyembamba vya sakafu ya njia vinavyohesabiwa kutoka pembeni.

Tunapima nini

Kwanza, tufe linaanza kushika wapi. Kutoka mstari wa faulo hadi pini ya kwanza ni futi 60, na mafuta hupakwa kuanzia mwanzo wa njia, mara nyingi hadi futi ya 40 hivi. Zilizobaki ni kavu. Kila tufe huteleza, kisha hukata kona, kisha hubingirika moja kwa moja hadi kwenye pini. Matufe hutofautiana kwa futi zinazotumika katika kila hatua.

Pili, umbo la kona: upinde mrefu na mpole, au kona ya ghafla kama kiwiko.

Tatu, pini zinaangukaje. Katika straiki safi, yaani pini zote kumi zikianguka kwa mrusho mmoja, tufe lenyewe hugusa pini nne tu: 1 (ile ya mbele), 3, 5 na 9; nyingine huangushana. Ili hilo litokee, tufe liingie mfukoni, kati ya pini 1 na 3, kwa pembe inayokaribia digrii 6. Mwenye kurusha moja kwa moja kabisa hawezi kuipata pembe hiyo, hata awe na shabaha ya namna gani.

Nne, sura: rangi, mng'ao, na kama umaliziaji wa kiwandani ni safi.

Tano, matunzo na umri. Kuna maganda yanayodumu miaka bila kudai chochote zaidi ya kitambaa, na kuna yanayofifia nguvu usipoyahudumia kila siku ya mchezo.

Namna ya kujaribu bila kujidanganya

Tufe jipya huja na msasa mpya wa kiwandani, na siku ya kwanza karibu kila moja huonekana la ajabu. Baada ya michezo michache ule ukwaruzo mdogo wa juu hulainika kwa kusuguana na njia, na tufe huanza kuteleza zaidi. Kwa hiyo usihukumu kabla ya michezo sita hivi.

Lirushe sambamba na tufe unalolijua, siku hiyo hiyo, njia hiyo hiyo, kwa kupokezana: moja jipya, moja la zamani. Ukimaliza mirusho kumi ya hili ndipo uanze ya lile, la pili litakuta mafuta yameshahama. Kanuni ya kukisia ni kuchukua urefu wa mafuta na kutoa 31: mafuta yakifika futi 40, inabaki 9. Hapo ubao wa 9 kutoka kulia ndio mahali pa kuanzia kukisia tufe liwe wapi linapotoka kwenye mafuta. Weka alama hiyo akilini, na kwa kila mrusho jiulize mambo mawili: limetoka kwenye mafuta kwenye ubao wa ngapi, na limeingia kwenye pini kwenye ubao wa ngapi. Mfuko uko karibu na ubao wa 17 na nusu.

Kuhesabu straiki peke yake hakusaidii. Angalia zinazobaki. Ikibaki 10 huku 6 imelala kivivu mferejini, tufe limefika limechoka, ama kwa kuwa limeshika mapema mno, ama kwa kuwa halikushika kabisa. Ikibaki 10 baada ya 6 kuruka na kuizunguka shingo yake, umekosa kidogo sana. Tufe halina kosa. Zikibaki 4 au 9 peke yake mara kwa mara, tufe linaingia kwa ukali kupita kiasi. Ikibaki 5, limesukumwa kando na pini ya mbele.

Matufe unayoyalinganisha yawe na uzito mmoja na yawe yametobolewa kwa mpango unaofanana. Hili la uzito hupuuzwa sana. Matufe mepesi, ya pauni 12 au 13, mara nyingi huwekewa kiini (uzito uliofichwa ndani ya tufe) tofauti na kile cha pauni 15, hata jina na rangi vikiwa vile vile. Sifa ulizosikia kwa mwenye pauni 15 huenda haziko kabisa kwenye la kwako.

Sura: kipi ni habari, kipi ni pambo

Rangi, harufu ya matunda wanayotia baadhi ya viwanda, na nembo kubwa ni mapambo. Michirizi nayo haifanani kati ya tufe na tufe, kwa sababu rangi humiminwa zikiwa majimaji na kuganda zitakavyo. Picha ya tangazo ni ya tufe moja tu. Kama upande wenye nyekundu nyingi ndio uliokuvutia, liombe tufe lenyewe ulione kabla halijatobolewa.

Mng'ao ni habari. Tufe lililosuguliwa kwa msasa namba 500 au 1000 hufifia na kuonekana la kijivu kwa mbali, na litashika mapema. La 2000 hadi 4000 lina nuru ya hariri, na lililopakwa polishi hung'aa na kuteleza mbali zaidi. Rangi ya tufe lililosuguliwa haijapotea: lipanguse kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili uone rangi halisi kwa sekunde chache kabla halijakauka. Hivyo ndivyo litakavyoonekana ukiamua kulipiga polishi baadaye.

Wengi husahau kwamba rangi mbili zinazopingana humsaidia mrushaji kuona tufe linazungukaje. Jeusi tupu huficha mzunguko. Unaliona linakwenda, hujui linazungukia upande gani. Kwa mwanafunzi anayejirekodi video, tufe la rangi mbili ni mwalimu wa bure. Aliyeupenda weusi anaweza kubandika kipande cha utepe mweupe wakati wa mazoezi.

Kabla ya kulipia, ligeuze chini ya taa kali. Tafuta vipovu vya hewa, mashimo madogo, mstari wa nywele unaoweza kuwa ufa, na alama ya X karibu na nembo. X huonyesha tufe la daraja la pili, lenye dosari ya rangi au umaliziaji. Tufe la X linaweza kucheza vizuri kabisa, ila lazima bei yake iwe chini.

Poliesta

*Njiani.* Poliesta, ambayo wengi huiita plastiki tu, ni ngumu na laini juu, haishiki mafuta wala mbao kavu kwa nguvu. Kiini chake mara nyingi ni kipande bapa cha uzito, hakina hila. Matokeo yake ni mwendo ulionyooka, na huo unyoofu ndio thamani yake: tufe lisilojali mafuta yamehamia wapi ndilo unalolitaka pini ya 10 ikibaki peke yake. Njia ikikauka sana na mkono ukiwa na mzunguko mwingi, hata poliesta hupinda kidogo, lakini mara chache hukushtua.

*Pini.* Kwa straiki ni dhaifu. Linasukumwa na pini ya mbele, 5 inabaki, na pembe ya digrii 6 huipati.

*Sura.* Hakuna linaloifikia. Ganda linaweza kuwa angavu kama kioo lenye picha au umbo ndani yake, na mng'ao wake haubadilishi mwendo kiasi cha kukuhangaisha. Hapa tu ndipo unaruhusiwa kuchagua kwa macho bila kujilaumu.

*Matunzo.* Kitambaa kinatosha, na ukiliangalia litakuzika. Mikwaruzo huonekana haraka kwenye zile angavu, lakini ni ya sura tu.

*Linamfaa* anayeanza na bado anajifunza kuachia kidole gumba vizuri, anayerusha moja kwa moja, na mchezaji yeyote mzoefu anayehitaji tufe la spea, yaani la kuangusha pini zilizobaki kwa mrusho wa pili.

Yurethani

*Njiani.* Ilishika soko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Juu yake ina ukwaruzo mdogo usioonekana kwa jicho, kwa hiyo hushika mapema na kukata upinde mrefu usio na mshtuko. Tofauti na rezini, hainywi mafuta kwa pupa. Huyabeba na kuyapeleka mbele, kwenye sehemu iliyokuwa kavu. Baada ya michezo miwili mitatu utaona tufe lililokuwa likifika mfukoni sasa linapita kulia kwake bila kuufikia, ingawa mkono haujabadilika. Wanaocheza nawe njia moja kwa rezini wataona hivyo pia, na huenda wakanung'unika.

*Pini.* Kwa mkono wenye mizunguko mingi, zaidi ya 400 kwa dakika, yurethani huingia kwa nidhamu na kuondoa zile 4 na 9 zinazobaki kwa ukali. Kwa mkono mpole, hufika limeishiwa na kuacha 10 na 5 kila mara. Hapa ndipo wengi hupotea: wanamwona bingwa kwenye runinga anatumia yurethani, wananunua, kisha wanashangaa wastani unashuka. Bingwa yule anatafuta kupunguza kona. Wao wanahitaji kuiongeza.

*Sura.* Mara nyingi ni rangi moja nzito na umaliziaji uliofifia. Za rangi nyepesi huonyesha uchafu na alama za njia upesi, na pete ya mafuta huchora mkanda unaoonekana wazi.

*Matunzo.* Hudumu kuliko rezini, lakini uso wake hulainika haraka na kuwa na mng'ao wa njia. Upitishe msasa ule ule wa mwanzo kila baada ya michezo michache. Usijaribu kulilainisha kwa kemikali. Mwaka 1973 Don McCune alikuwa mchezaji bora wa mwaka wa PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani, akitumia matufe ya plastiki yaliyolowekwa kwenye kiyeyusho, jambo lililokuwa halali wakati huo. Kanuni za ugumu zilifuata. Leo USBC, chama kinachosimamia bolingi Marekani, kina kiwango cha chini cha ugumu wa ganda, na ulowekaji hauruhusiwi.

*Linamfaa* mwenye mizunguko mingi au kasi ndogo ambaye rezini humkatia kona kupita kiasi, na mchezaji wa mashindano kwenye mafuta mafupi.

Rezini tupu

*Njiani.* Rezini ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kubadilisha mchezo wote. Ganda lina vinyweleo vinavyonyonya mafuta, hivyo tufe hushika mbao lingali ndani ya mafuta. Ile tupu, isiyo na chembe za lulu, ndiyo inayosoma njia mapema zaidi. Kona yake ni kubwa lakini haina papara: huanza, inaendelea, inafika.

*Pini.* Mafuta yakiwa mengi huingia na nguvu ya kusukuma pini 5 bila kuyumba. Mafuta yakiisha, lile lile huanza kona futi kadhaa mapema kuliko unavyotaka, linatumia nguvu zote njiani, kisha 10 inabaki na 6 imelala mferejini. Watu husema tufe limekufa. Halijafa, njia imekauka, nawe hujasogea.

*Sura.* Rangi nzito, msasa wa 500 hadi 3000, hazimeremeti. Kwenye rafu ni za mwisho kushikwa, na huenda ndiyo sababu zinapuuzwa na wanaozihitaji.

*Matunzo.* Ni ganda lenye madai. Lipanguse kwa taulo kila baada ya mrusho, na safisha kwa kisafishio ndani ya dakika chache baada ya mchezo wa mwisho, lingali na joto, kabla mafuta hayajazama. Kwenye mashindano ya USBC ni taulo kavu tu. Kimiminika chochote hakiruhusiwi hadi mchezo uishe. Nguvu zikififia hata baada ya msasa mpya, mafuta yameingia ndani: funga matundu kwa utepe, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, lifute linapotoa jasho, rudia. Maji yasiwe ya moto wa kuchemka. Usiliache kwenye buti la gari juani pia. Kupanuka na kusinyaa hulipasua ganda.

*Linamfaa* mwenye kasi kubwa na mizunguko michache, ambaye matufe mengine hayamfikii mfukoni, na yeyote anayekutana na mafuta mengi mapya.

Rezini ya lulu

*Njiani.* Ganda ni rezini ile ile, lakini limechanganywa na chembe za maika. Chembe hizo ndizo zinazolipa kumeta, na ndizo zinazolifanya liteleze zaidi kwenye mafuta. Likifika kwenye kavu hugeuka ghafla, kona ya kiwiko. Hivyo kwenye ganda hili uzuri na mwendo vina chanzo kimoja.

*Pini.* Linapofika sawa, hufanya vurugu: pini huruka kila upande. Lakini kosa la ubao mmoja mwanzoni hukuzwa mwishoni. Mrusho mmoja ukienda kwenye mafuta ya katikati, halirudi. Mwingine ukigusa kavu nje, linavuka hadi upande wa pili wa pini ya 1. Kubaki kwa 4 na 9 ni ada yake.

*Sura.* Ni ganda linalouzika kwa picha: michirizi, kumeta, polishi ya kiwandani. Ukilipitisha msasa wa 2000 litapoteza nusu ya uzuri, na litaanza kushika mapema. Huwezi kulihifadhi kwa macho na kulibadilisha kwa mwendo kwa wakati mmoja.

*Matunzo.* Sawa na rezini tupu, isipokuwa polishi huhitaji kurudiwa, na kitambaa kichafu huacha ukungu unaoonekana.

*Linamfaa* mwenye mrusho unaorudiwa vizuri kwenye njia zilizoanza kukauka, na mwenye mizunguko mingi anayehitaji tufe lisishike mapema.

Na mseto?

Huchanganya rezini tupu na ya lulu kwenye ganda moja. Njiani hukaa katikati: hushika mapema kidogo kuliko lulu, hugeuka kwa ukali zaidi kidogo kuliko tupu. Kwenye pini husamehe zaidi kuliko lulu. Sura ni ya mchanganyiko, nusu inameta, na ukilisugua bado huonekana vizuri. Matunzo ni yale yale ya rezini. Linamfaa anayeweza kununua tufe moja tu la rezini, kwa bei ya kutokuwa bora sana popote.

Usisahau kiini na msasa

Ganda ndilo linaloamua sehemu kubwa ya mwendo, lakini namba mbili kwenye maelezo ya tufe zinastahili kusomwa. RG, kipimo cha inchi cha jinsi uzito ulivyosambaa kutoka katikati ya tufe, huanzia 2.460 hadi 2.800: ikiwa chini, tufe huanza kuzunguka mapema, ikiwa juu, huchelewa. Ya pili ni tofauti ya RG, yaani kati ya RG kubwa na ndogo ya tufe hilo hilo, isiyoruhusiwa kuzidi 0.060. Ikiwa kubwa, tufe hubadilisha mkanda wake kila mzunguko, na pete za mafuta hutawanyika badala ya kupita pale pale. Kila mguso huwa na ganda kavu, na kona hukua. Kiini kisicholinganifu huongeza ukali wa mgeuko, na humtesa asiye na mrusho thabiti.

Wakati wa kutoboa, pini ya kiini (nukta kwenye ganda inayoonyesha kichwa cha kiini) ikiwekwa juu ya vidole, kwa kawaida tufe huteleza mbali na kugeuka kwa ukali. Ikiwekwa chini, hushika mapema na kwa upole. Matundu ya kusawazisha hayaruhusiwi tena: tangu Agosti 2020 kila tundu kwenye tufe la mashindano ya USBC lazima litumike kwa kushika wakati wa mrusho.

Kabla ya kulilaumu tufe jipya na kulitoa, jaribu msasa. Lulu isiyoufikia mfuko kwa kuchelewa kukata kona, ipitishe 3000. Rezini tupu inayoanza mapema, ipandishe hadi 4000. Sugua pande nne au sita kwa sekunde zilizo sawa, kwa maji, na ufanye kabla ya mashindano kuanza.

Kwa hali yako

Unaanza, na unatumia matufe ya kuazima ukumbini: poliesta ya pauni unazoweza kubembea bila kukaza bega, iliyotobolewa kwa kipimo cha mkono wako. Kipimo hicho kitakusaidia kuliko ganda lolote.

Una poliesta, umeanza kuzungusha mkono, na pini 5 na 10 zinakukataa kwenye mafuta ya kawaida ya ukumbi: mseto, au rezini ya lulu yenye kiini linganifu. Poliesta ibaki kwenye mkoba kwa spea.

Unarusha kwa kasi na tufe lako la rezini halirudi: rezini tupu ya msasa 1000 au 2000, pini ya kiini chini.

Mizunguko yako ni mingi na kila tufe linavuka pini ya 1: yurethani mwanzoni mwa mchezo, lulu iliyopigwa polishi njia zikikauka. Kama ni moja tu, angalia unacheza na nani. Wenzako wakitumia rezini njia itakauka, na yurethani itakufaa kwa muda mrefu zaidi. Wakitumia yurethani nao, mafuta yatasogezwa mbele, na hapo lulu italazimika kusubiri.

Umelipenda la michirizi ya dhahabu na namba zake hazikufai: angalia kama kiwanda hicho hicho kinatoa kiini kile kile kwenye ganda jingine. Mara nyingi kipo, katika rangi nyingine.